Ufunguo wa Stesheni ya Sita

Kabati la kioo halikuvunjwa. Hilo ndilo jambo la kwanza Mkaguzi aliloliandika katika daftari lake asubuhi ile ya Alhamisi, na aliliandika kabla hata hajaitikia salamu ya mhifadhi wa makumbusho, ambaye alikuwa amesimama kando akikunja na kukunjua mikono ya shati. Kioo kilikuwa kizima. Kufuli dogo lilikuwa mahali pake, limefungwa. Ndani, juu ya kitambaa chekundu, ilibaki kadi iliyochapwa vizuri, na nyuma ya kadi hapakuwa na kitu.

Vijana wa kituo cha polisi walimwita Mkaguzi huyu Bi Taratibu, bila shaka akiwa hayupo. Hakuwa mzembe hata kidogo. Ila swali moja aliweza kuliuliza mara tatu, kwa sauti ileile, mpaka anayeulizwa achoke kudanganya. Waliomcheka kwa tabia hiyo walikuwa wengi, na walioko gerezani kwa tabia hiyohiyo hawakuwa haba.

"Kufuli hili ufunguo wake uko wapi?" aliuliza.

Mhifadhi alionyesha msumari ukutani, ofisini kwake. Ufunguo ulikuwa umening'inia pale tangu makumbusho yafunguliwe, na kila aliyefanya kazi humo aliujua, pamoja na kila mgeni aliyewahi kukaribishwa kiti ofisini. Mkaguzi aliutazama msumari, akamtazama mhifadhi, akaandika. Mhifadhi alikohoa.

Kilichoibiwa hakikuwa kito wala dhahabu. Ilikuwa ringi ya chuma, upana wake kama usukani wa lori, yenye mfuko wa ngozi ulioshikizwa chini yake. Wachimbaji wa kalvati la maji waliifukua wiki tano zilizopita kando ya reli ya zamani, matope yameigandia. Ngozi ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama ubao, na ndani yake kitu kilisikika kikigonga. Kwa uamuzi wa wakubwa, mfuko ungefunguliwa Ijumaa, mbele ya waandishi wa habari, na fundi wa ngozi aliyeitwa kwa kazi hiyo. Jumatano saa sita mchana mhifadhi alipita na kitambaa cha vumbi akakuta kabati tupu.

Mshukiwa alikwisha patikana. Mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka sitini, alikuwa ameingia ukumbini Jumatano saa nne, akakaa peke yake robo saa nzima mbele ya kabati lile. Alikuwa ameandika barua tatu kuhusu mfuko huo, na ya tatu haikuwa na salamu. Tangu Jumatano jioni alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo cha polisi. Mkuu wa kituo, ambaye hapendi kesi zilale, alimwambia Mkaguzi waziwazi: ikifika saa tisa alasiri bila jina jingine, mama huyo atapelekwa mahakamani kwa wizi wa mali ya jimbo, na pensheni yake na heshima yake zitajijua zenyewe.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

Mkaguzi alimtaka mhifadhi amweleze, polepole, kwa nini mtu aibe kipande cha ngozi mbovu. Mhifadhi alimpeleka kwenye ukumbi wa mbele, ambao zamani ulikuwa ofisi ya Stesheni ya Sita, akamsimamisha mbele ya mashine ya chuma iliyopakwa rangi nyekundu, ndefu kama mtu. Kifuani mwake ilikuwa na mwanya wa wima, na katika mwanya zilionekana funguo za shaba zimepangana mmoja juu ya mwingine.

Kati ya stesheni na stesheni, alieleza, palikuwa na reli moja tu, na treni mbili zikikutana juu ya reli moja hakuna wa kumpisha mwenziwe. Kwa hiyo kila kipande cha njia kilikuwa na funguo zake, na dereva hakuruhusiwa kuingia kipande hicho bila kukabidhiwa ufunguo wake ndani ya mfuko wenye ringi. Akifika stesheni ya mbele, anaurudisha, anapewa wa kipande kinachofuata. Funguo zilikaa katika mashine mbili, moja kila mwisho wa kipande, zilizounganishwa kwa waya. Ukishatoka ufunguo mmoja, mashine zote mbili zinajifunga mpaka urudi. Na meno yalikatwa tofauti, kusudi ufunguo wa kipande kimoja usiingie mashine ya kipande kingine.

"Hii ni ya kipande gani?"

"Tano na Sita. Waya wake ulikatwa zamani, sasa haijifungi. Ile ya Sita na Saba ilichukuliwa na mahakama kama kielelezo, haikurudi."

Mahakama ilikuja kwa sababu ya ajali. Miaka arobaini na sita iliyopita, mchana kweupe, treni ya abiria ilitoka Sita kwenda Saba, na treni ya mizigo ikawa inatoka Saba kuja Sita. Walikufa watu kumi na mmoja, pamoja na dereva wa abiria. Ufunguo halali wa kipande hicho ulipatikana kwa dereva wa mizigo. Sasa dereva wa abiria aliingiaje? Mahakama ilisema bwana stesheni wa Sita aliidanganya mashine kwa waya, akachomoa ufunguo wa pili, akampa. Bwana stesheni alisema hakutoa ufunguo wowote. Shahidi mmoja akasema alimwona kwa macho yake akiutoa. Alifungwa miaka minane, akafia humo mwaka wa tatu, na kwa kuwa asiyekuwapo na lake halipo, hadithi ikakaa hivyo. Mwalimu aliyeko kwenye benchi ni bintiye.

"Na mfuko uliofukuliwa ni wa treni ya abiria," Mkaguzi alisema.

"Ndiyo, afande. Ukifunguliwa ukawa na ufunguo wa Sita na Saba, mahakama ilisema kweli. Ndiyo maana mama yule hakutaka ufunguliwe."

"Barua zake zinasema hivyo?"

Mhifadhi alizileta barua. Mkaguzi alizisoma akiwa amesimama. Zote tatu ziliomba mfuko ufunguliwe mapema, kabla kitabu cha ofisi ya historia ya jimbo hakijaenda kuchapwa. Alimrudishia mhifadhi, naye akazisoma kwa mara ya kwanza.

Baada ya hapo alianza kupekua. Mlinzi wa lango aliapa kwamba Jumatano hakuna aliyetoka na kitu kikubwa kama usukani, na mlinzi huyu alikuwa mtu wa kukagua mpaka vikapu vya mboga. Basi ringi ilikuwa haijatoka. Mkaguzi alipita vyumba vitano kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia, akifungua hata mitungi. Katika stoo ya taa za ishara, nyuma ya madebe, aliikuta. Haikutupwa pale, iliegemezwa ukutani kwa adabu. Mfuko ulikuwa mtupu. Aliuchukua kwa leso akaunusa. Ulinukia mafuta ya mashine, na ngozi iliyokuwa ngumu kama ubao sasa ilipindika. Mtu alikuwa ameilainisha kwa subira, akalegeza mkanda, akatoa kilichomo, kisha akaufunga mkanda tena. Hakukuwa na mkato wa kisu hata mmoja.

Aliandika: mwizi hakuwa na haraka. Chini yake akaandika: mwizi anaheshimu vitu.

Aliuliza nani huwa ndani kabla ya lango kufunguliwa saa tatu. Mhifadhi alisema hakuna mtu. Mkaguzi akauliza tena, mhifadhi akasema hakuna mtu, isipokuwa Mzee Kengele, ambaye huja saa moja kupangusa vyombo, lakini Mzee Kengele hahesabiwi, yeye ni kama sehemu ya jengo. Mara ya tatu mhifadhi alitazama chini akasema kwamba Jumatano, saa tatu kasorobo, alimruhusu pia Mwandishi wa kile kitabu.

Kikulacho ki nguoni mwako, Mkaguzi alijisemea, akatoka kwenda kumtafuta Mwandishi.

Ofisi ya historia ya jimbo ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la vitanda. Mwandishi alikuwa mtu mnene mwenye uchangamfu wa kupitiliza, na mezani kwake palikuwa na rundo la karatasi za kitabu chake kuhusu maajabu ya jimbo, visa thelathini na kimoja, kitabu ambacho mashine za kuchapa zingekianza kesho yake jioni. Alimsimulia Mkaguzi vitatu bila kuombwa. Kulikuwa na mji uliomchagua marehemu kuwa meya kwa kura nyingi, na marehemu akamaliza muhula bila kashfa. Kulikuwa na daraja lililojengwa mahali pasipo na mto, mpaka mto ukahama miaka tisa baadaye ukapita chini yake, na mhandisi aliyefukuzwa akaitwa kurudi kazini akakataa. Kulikuwa na miji miwili iliyogombania makao makuu, mmoja ukaenda kuiba mihuri ya mwenziwe mchana, wakati wenyeji wote wako msibani. Mkaguzi alikiri moyoni kwamba kile cha daraja kilimfurahisha.

Kisa cha kumi na saba kilikuwa cha Stesheni ya Sita. Mkaguzi aliomba kukisoma. Katika ukurasa wa mwisho palikuwa na sentensi hii: mfuko ulipofunguliwa mbele ya umma, ulikutwa na ufunguo wa Sita na Saba, na mashaka yakaisha.

"Mfuko ulifunguliwa lini?"

Mwandishi alicheka, kisha akaacha. Alieleza kwamba kitabu hakiwezi kumsubiri fundi wa ngozi, kwamba kila mtu anajua kitakachokutwa, kwamba wachapaji hawana subira. Mkaguzi alimwacha amalize.

"Jumatano saa tatu kasorobo ulifuata nini makumbusho?"

"Picha tu, afande. Nilitaka picha ya ule mfuko."

"Picha iko wapi?"

Picha haikuwepo. Alipoulizwa mara ya pili alisema kamera iliharibika. Mara ya tatu alitoa leso, akafuta shingo, akasema kweli. Alipofika kabati lilikuwa tupu tayari. Aliliona tupu, akanyamaza, akaaga akaondoka, kwa sababu mfuko ukipotea hakuna atakayeweza kusema sentensi yake ni ya uongo. Alikuwa hajaiba kitu. Alikuwa amefurahi tu kwamba kimeibiwa.

Mkaguzi alimwandikisha maelezo hayo, akamtaka atie sahihi, na alipokuwa akishuka ngazi alikuwa na hasira aliyoitambua vizuri, hasira juu ya watu wanaosema ukweli saa moja baada ya wakati wake. Mtu huyu angemwacha mama wa watu apelekwe mahakamani kwa ajili ya sentensi. Hata hivyo alikuwa amempa jambo la maana. Kama kabati lilikuwa tupu saa tatu kasorobo, mwalimu aliyeingia saa nne hakuiba kitu. Mkuu wa kituo hataridhika na hilo. Atasema mwandishi mwongo ni shahidi mwongo. Alihitaji jina.

Alipitia kituoni. Mwalimu alikuwa ameketi wima kwenye benchi, mkoba juu ya mapaja, kama aliyekuja mwenyewe na ataondoka mwenyewe. Alijibu maswali yote kwa mpangilio. Ndiyo, alikaa robo saa mbele ya kabati. Aliliona tupu, akafikiri wameuondoa mfuko ili kuuandaa kwa Ijumaa, akabaki akisoma kadi. Kadi ilimwita baba yake mzembe. Alikuwa amehesabu maneno ya kadi hiyo. Yalikuwa thelathini na mawili.

"Uliogopa wakikuta ufunguo wa Sita na Saba?"

"Mimi sijui watakuta nini, afande. Baba aliniambia hakutoa ufunguo. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikamwamini. Nataka kujua kama nilimwamini mtu mkweli. Basi."

Mkaguzi alimwuliza kama anahitaji chochote. Mwalimu alisema jambo moja tu. Pale makumbusho kuna mzee anayewazungusha wageni, wanamwita Mzee Kengele. Asiambiwe kwamba yeye mwalimu amelala kituoni. Ana shinikizo la damu, na mwalimu humwita baba mdogo, maana mzee huyo alifanya kazi chini ya baba yake pale stesheni.

"Alikuwa nani pale?"

"Msaidizi wa stesheni. Walikuwa wawili tu, yeye na baba."

Mkaguzi alirudi makumbusho kwa miguu. Katika jalada la kesi ya zamani, ambalo lilimgharimu nusu saa ya kubembeleza katika masjala ya mahakama njiani, alisoma ushahidi wa msaidizi wa stesheni, kijana wa miaka ishirini na miwili wakati ule. Ulikuwa mfupi. Treni ya abiria ilipofika, alipokea kwa dereva ufunguo wa Tano na Sita, akaurudisha katika mashine kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akamwona bwana stesheni akitoka na ringi nyingine, akampa dereva. Hakimu alimsifu kwa utulivu wake.

Ilikuwa saa saba na robo alipoingia ukumbini. Mzee Kengele alikuwa kazini, amevaa kofia ya reli, na mbele yake wageni kama kumi. Alikuwa mwembamba, sauti yake kavu, na alijua kuwachekesha watu bila yeye kucheka. Alipiga kengele ya ukutani, akasema hiyo ni treni ya saa saba, na kama kawaida imechelewa miaka thelathini. Akawaonyesha mashine nyekundu. Akachomoa ufunguo, akaupitisha kwa wageni waushike, akawafuata kwa macho mkono kwa mkono mpaka ukarudi kwake, akautumbukiza kwenye mwanya. Mgeni mmoja alimtania, akasema mbona anauchunga kama mtoto mchanga.

"Sheria ya kwanza ya reli," Mzee alijibu. "Mtu wa reli anaweza kulala njaa, anaweza kulala nje kafungiwa na mkewe. Ufunguo haulali nje."

Wageni walicheka. Mkaguzi hakucheka, alikuwa ametazama mwanya wa mashine. Tangu asubuhi alikuwa akijiuliza ufunguo ule mdogo ulitokaje langoni, katika soksi au katika mkate. Sasa alijiuliza kama ulihitaji kutoka.

Alisubiri wageni waende, akamwomba mhifadhi daftari la vifaa. Mstari wa saba: mashine ya funguo, moja, rangi nyekundu, pamoja na funguo tisa. Alisogea kwenye mwanya akahesabu kwa ncha ya kalamu, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Alimwomba mhifadhi naye ahesabu. Mhifadhi alihesabu, midomo ikicheza, akafika kumi.

"Mzee," Mkaguzi alisema, "nitolee hizi funguo zote, uzipange mezani."

 Mzee Kengele akavua kofia, akaiweka juu ya mashine, akaanza kutoa mmoja mmoja. Tisa ziling'aa kwa kushikwashikwa kila siku. Wa kumi ulikuwa umesuguliwa vizuri kwa mafuta, lakini katika mikwaruzo ya nambari ukijani wa shaba iliyolala ardhini ulikuwa haujatoka. Mkaguzi aliusoma bila kuugusa. Tano, Sita.

Akaiona hesabu yote kwa mara moja. Ufunguo wa mbele, ule wa Sita na Saba, usingeingia katika mashine hii hata kwa nyundo. Huu uliingia. Dereva aliyekufa alikuwa ametoka Sita amebeba ufunguo wa njia aliyokwisha maliza, ufunguo uleule aliokuja nao. Hakuna aliyeidanganya mashine. Ufunguo ambao kijana wa miaka ishirini na miwili aliapa kuurudisha haukurudishwa.

"Kaa, Mzee."

"Nitasimama tu, afande. Siku ile pia nilisimama hapa."

Mkaguzi hakuhitaji kumwuliza swali lolote. Mzee alianza mwenyewe, kwa ile sauti kavu ya kuwazungusha wageni. Bwana stesheni alikuwa ndani kwenye simu na watu wa Tano, kuhusu behewa bovu. Yeye alipokea ringi kwa dereva, akawa anakwenda nayo ofisini, mama mmoja mwenye mapacha akamwomba amsaidie mizigo. Mlangoni pa ofisi palikuwa na kulabu mbili: ya kulia kwa ringi zinazoingia, ya kushoto kwa zinazotoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kikapu. Aliitundika ringi kushoto.

"Nikapandisha mizigo, nikapandisha watoto. Nimerudi mbio, dereva anapiga honi. Nimetazama kulabu ya kushoto, nimeona ringi. Nikasema, aa, bwana ameshatoa. Nikampa."

"Dereva hakutazama?"

"Kufungua mfuko mbele ya aliyekupa ni kumwambia hujui kazi. Hatukufanyiana hivyo. Aliivaa begani, akaniaga."

Mhifadhi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, mikono kimya kwa mara ya kwanza siku ile. Mzee aliendelea. Alijua kosa lake kabla treni haijapita kona, alipoingia ofisini na kumkuta bwana stesheni bado yuko kwenye simu. Walikimbia wote wawili relini wakipunga bendera. Bwana stesheni hakumwuliza kitu, wala hakumshuku, kwa sababu kijana alisema ameurudisha ufunguo na dereva ameondoka bila ruhusa, na mtu hamkagui mtu wake; mashine ilipokataa kufunguka, mafundi walidhani imeharibika tu, wakaifungua. Mahakamani alisema lile aliloambiwa na woga aseme. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Alifikiri watampa bwana mwaka mmoja, atatoka, yatasahaulika. Siku zilikwenda, na kila siku ilizidi kuwa ngumu kuliko ya jana kusema.

"Walipoufukua mfuko ulijua kilichomo."

"Mimi peke yangu duniani."

"Kuna mto hapo chini, Mzee. Kuna choo, kuna jalala. Ungeutupa huo ufunguo, leo nisingekuwa na kitu mkononi."

Mzee Kengele alitazama mikono yake. "Jumatano asubuhi, kabla lango halijafunguliwa, nilikwenda nao mpaka darajani. Nikanyoosha mkono. Mkono ukakataa, afande, sikudanganyi. Karibu miaka hamsini nimeweka funguo humu." Akagusa mashine. "Huo nao ulikuwa wa humu. Nilikuwa nimechelewa tu kuurudisha."

Mkaguzi aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Akamwuliza kama alijua nani amekamatwa kwa ajili yake. Mzee alisema hajui kama kuna aliyekamatwa. Alipotajiwa, alishika ukingo wa meza, na mhifadhi aliinuka kumpa kiti, na safari hii alikaa.

Saa nane na dakika ishirini faili lilikuwa juu ya meza ya Mkuu wa kituo, likiwa na jina jingine. Mkuu alilisoma, akasema hakuna marefu yasiyo na ncha, akatia sahihi ya kumwachia mwalimu. Kuhusu kitabu, alipiga simu mwenyewe kwa wachapaji, akawaambia kisa cha kumi na saba ni kielelezo cha polisi mpaka atakapoamua vingine. Mkaguzi alimshukuru, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Alimwita mwalimu chumba cha pembeni, akafunga mlango, akamweka kiti mbele ya dirisha. Alimwambia kwa mpangilio uleule alioupenda mwenyewe: kabati, stoo, mafuta, mashine. Ufunguo umesomwa. Ni wa Tano na Sita. Baba yako hakutoa ufunguo, alisema kweli.

Mwalimu alifumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yashuke mpaka kidevuni, na Mkaguzi aliona furaha usoni mwake, furaha hasa, ya mtoto aliyeambiwa baba yako yuko mlangoni. Alikaa nayo kama dakika mbili. Mkaguzi alitamani aimalize siku hapo.

"Aliutoa nani?" mwalimu akauliza.

Mkaguzi alimtajia. Akamsomea maelezo, mstari kwa mstari, na hakuruka lolote: kikapu, kulabu ya kushoto, ushahidi, daraja, mkono uliokataa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, mkoba juu ya mapaja. Nje, askari aliyekuwa zamu alikuwa akibishana na mtu kuhusu baiskeli.

"Baba alipokufa," mwalimu alisema, "yeye ndiye aliyekwenda gerezani kuichukua maiti. Ndugu wa baba waliona aibu, hawakwenda. Nilipoolewa hakukuwa na wa kunikabidhi, akaja yeye, amevaa ile sare yake ya reli, amesimama mahali pa baba. Nilipiga magoti mbele ya watu wote nikamshukuru. Nikamwambia Mungu alininyima baba mmoja akanipa wa pili." Alijifuta kidevu kwa kiganja. "Afande, mtu akishatoa shukrani kama ile, anaidai vipi irudi?"

Mkaguzi alimsogezea kalamu. Mwalimu alitia sahihi mahali alipoonyeshwa, akauliza kama sasa anaweza kwenda nyumbani. Aliambiwa anaweza. Hakuinuka.